Jeep Iliyoondoka Bila Kuaga

Kila aliyenikuta chini ya ile jeep aliniuliza swali lilelile: mmefika chini kiasi gani? Hakuna aliyeuliza kama breki zimeshika. Kwetu Kolwezi mtu akijitenga uani na nyundo, hatengenezi kitu, anachimba. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nilikwenda sokoni kutafuta turubai la kuikinga jeep na vumbi, nikachagua la rangi ya machungwa kwa sababu lilikuwa zito kuliko mengine, nikalitandaza juu ya miti mbele ya nyumba ya mama yangu pale Dilala. Hata mtoto wa chekechea katika mji wetu anajua turubai la rangi hiyo linafunika nini. Linafunika shimo, ndani ya shimo wamo watu, na watu wana mifuko ya kobalti. Sijui akili yangu ilikuwa imekwenda wapi siku hiyo.

Wa kwanza kuja alikuwa shefu wa avenue, mzee anayeangalia mambo ya mtaa wetu. Alisimama mlangoni pa uzio na kofia mkononi, akajifanya anapita tu.

“Jambo, mama mwalimu. Banasema mulianza kazi.”

“Jambo, tata shefu. Ndiyo, tulianza. Tuko natengeneza motokari ya marehemu baba.”

“Motokari,” alisema, akatikisa kichwa taratibu kwa heshima zote. “Sawa, ni muzuri. Lakini kama munafikia kitu, mi pia niko mu avenue.”

Nilimshika mkono, nikamwingiza chini ya turubai, nikamwonyesha magurudumu yaliyong'olewa, sahani za klachi juu ya gunia, panya aliyekufa ndani ya bomba la moshi. Aliangalia vyote kwa adabu. Kisha akaangalia udongo chini ya jeep, akaukwaruza kwa ncha ya kiatu, akaniaga. Sikuwa nimesema neno lolote la uongo na bado nilibaki na aibu ya mwongo.

Nieleze jeep yenyewe, maana bila hilo hata wewe utadhani nilikuwa nachimba.

Baba yangu alikuwa dereva wa wanajiolojia wa kampuni ya migodi. Siku alipokwenda Mutshatsha kumchukua mama yangu awe mke wake, hakuwa na gari lake mwenyewe. Mkubwa wake wa kazi alimwachia jeep ya kazini, kwa sharti kwamba irudi kabla ya giza. Sasa kwao mama, bibi harusi haondoki nyumbani mpaka dada yake mkubwa afungue njia. Dada anasimama mbele ya gari, wanawake wanaimba, bwana harusi anataniwa mpaka jasho limtoke, anatoa kitenge, dada anakifunga kiunoni, ndipo anasogea kando na kusema, piteni. Bila hivyo mwanamke hajatolewa, amebebwa tu. Na huyu dada hakuwa dada wa kawaida. Mama yao alikufa mapema, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlea mama yangu, akambeba mgongoni, akamwachia chakula chake.

Baba aliangalia jua. Wanawake walikuwa bado wanaimba, na dada mkubwa hakuwa na haraka yoyote. Baba akamfikiria mkubwa wake wa kazi, akaweka gia, akapita pembeni, katikati ya mihogo, akashika njia ya Kolwezi na mke wake kando yake. Kitenge kilibaki ndani ya mkoba nyuma ya kiti.

Huyo dada, kwetu mama mkubwa, hakupiga kelele baadaye, na hakukata undugu na mdogo wake. Alikuja kila tulipozaliwa, alikuja misibani, lakini hakuwahi kuingia nyumbani kwetu. Alilala kwa binamu yake, akala alichopika mwenyewe. “Njia haiyafunguka,” alikuwa akisema. “Ile motokari yenye ilikukamata irudi, iombe njia.” Alipoizungumzia ile jeep aliiita mwizi, na watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini baba alipofariki alikaa chini nje ya uzio wetu, akalia hapo mpaka tukaenda makaburini. Nilimpelekea maji. Alinawa uso, hakuyanywa.

Baba alijua kosa lake. Kampuni ilipouza magari yake ya zamani, hakutaka lingine lolote, alinunua ileile. Tulipokuwa watoto alikuwa akiiosha kila Jumamosi na kusema kwamba mwezi ujao tunakwenda Mutshatsha. Alikwenda nayo Lubudi kuchukua mahindi, alikwenda nayo kila mahali, lakini Mutshatsha ilikuwa daima mwezi ujao. Nadhani aliogopa. Kisha sanduku la gia likafa, kampuni ikaacha kulipa watu, magoti yake yakaanza kumsumbua, na jeep ikawekwa juu ya vipande vya reli pale uani. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma.

Basi mwaka jana, mvua zilipoisha, habari ilifika kutoka Mutshatsha kwamba macho ya mama mkubwa yanafifia. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

“Mutoto yangu,” aliniambia, “nataka aione kwa macho yake.”

Kaka zangu wako Lubumbashi na mbali zaidi, na kila mmoja alinisaidia kwa ushauri wa simu. Mmoja aliniambia nikodi gari jingine. Nilimwambia ampigie mama mkubwa amweleze hilo mwenyewe, akakata simu. Kwa hiyo kazi ikabaki kwangu, mimi mwalimu wa shule ya msingi ambaye baba alimfundisha kuendesha na kubadilisha tairi, basi. Tulikuwa na kiangazi kimoja. Mvua zikianza, barabara ya Mutshatsha inakuwa tope, na macho ya mtu mzima hayasubiri mvua ziishe.

Fundi niliyempata alikuwa hodari, na hilo ndilo lililonichosha. Nusu ya taxi za mji zinatembea kwa mkono wake. Lakini ana dini moja tu, nayo inaitwa kuadapte. Kifaa kimekufa? Usitafute cha aina yake, chukua cha gari lolote, kata hapa, chomelea pale, toboa tundu jipya, kitaingia. Amewahi kuadapte radieta ya lori kwenye gari dogo mpaka boneti ikafungwa kwa kamba, na lile gari liko barabarani hadi leo. Anajivunia hilo, anakuonyesha likipita.

“Mama, hii moteur ilisha kufa,” aliniambia siku ya kwanza, akiigonga injini kwa spana. “Niko na moteur ya taxi-bus, ya muzuri. Tutaadapte.”

“Hapana, tata fundi. Nataka hii hii.”

“Juu ya nini?” Alitaka sababu.

“Kuko mama moja ku Mutshatsha anaijua.”

Aliweka spana chini. “Anajua moteur?”

“Anajua motokari. Kama ni ingine, atakataa.”

Hakuelewa, na sikumlaumu. Ila kila asubuhi alirudia neno lake. Pampu ya breki: tutaadapte. Kioo cha mbele: tutaadapte. Nilitaka bawaba ya mlango, akaniletea ya friji. Nilipomkatalia aliondoka kwa hasira zake, akapotelea kwenye magari ya watu wengine, nami nikabaki peke yangu na spana kujaribu kufungua nati ambazo zilikuwa zimeshikana na kutu tangu baba akiwa na nywele nyeusi. Nati ikikatika ndani ya tundu lake, inatoa sauti ndogo tu, tik, na siku nzima imekwisha. Nilijifunza matusi ya Kiluba ambayo sikujua kwamba ninayajua.

Nilitafuta vipuri kwenye vyuma chakavu, nikarudi na vya modeli nyingine. Nilimwagiza kaka wa Lubumbashi kipini cha usukani, akanitumia cha gari la usukani wa kulia, na wetu uko kushoto. Wanafunzi wangu waliniona na mikono yenye grisi isiyotoka, wakanong'ona kwamba mwalimu naye ameingia shimoni. Mkurugenzi wa shule aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole kama mshahara haunitoshi.

Na wageni hawakuisha. Vijana wa kuchimba, waliotoka kila pembe ya nchi, walisimama nje na koleo begani wakiuliza kama tunahitaji watu. Mnunuzi wa madini alipita na kuacha namba yake ya simu. Mchungaji alikuja kuomba baraka kwa ajili ya kazi ya mikono yetu, na alipomaliza kuomba akachungulia chini ya jeep. Jirani wa nyuma ya ukuta, mtu wa salamu nyingi ambaye mapazia ya sebule yake hayafunguliwi na redio yake hailali, alinisimamisha njiani.

“Mama, mi nasikia munapiga sana. Hata mu usiku tunasikia.”

“Usiku tunalala, tata. Ni muchana.”

“Muchana, sawa. Ni jiwe ya nguvu?”

“Ni chuma, tata. Ni motokari.”

“Eh, motokari,” alisema, na akatabasamu kama watu wanavyotabasamu wanaposhindana.

Ningepaswa kulitilia maanani lile tabasamu. Lakini nilikuwa nimechoka kueleza, nikaenda zangu.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, nililipuuza pia. Mlango wa kulia, upande wa abiria, ulikuwa na bonyeo kubwa chini ya kitasa, la kuingia ngumi nzima. Baba, aliyeiosha jeep kila Jumamosi, hakuwahi kulinyoosha. Tulipomuuliza alisema aligonga mti. Siku nilipoanza kunyoosha bodi, mama alitoka na kiti chake, akakaa, akanitazama.

“Huo mulango uache,” alisema.

“Mama, nitapaka rangi kila fasi niache tundu pale?”

“Mi nasema tu. Uache.”

Nilimwachia siku hiyo kwa sababu nilikuwa na mlango mwingine wa kugombana nao.

Mwisho wa kiangazi injini ya baba iliwaka. Nakumbuka ilivyokohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikashika. Mama alikuwa jikoni. Alitoka mbio na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona anacheka kwa sauti. Fundi naye alipiga makofi, ingawa aliongeza kwamba ya taxi-bus ingewaka mapema zaidi. Tulipanga kuondoka Jumatatu. Mama alitoa kile kitenge sandukuni, kitenge kilekile cha harusi, hakijawahi kuvaliwa, akakianika kipate hewa.

Jumamosi mchana nilikuwa nakaza vyuma vya chini, nagonga kwa nguvu. Jeep ilikuwa bado juu ya vipande vya reli, magurudumu ya nyuma hayajarudishwa. Nilitoka kwenda kunywa maji. Mama alikuwa amekaa ndani ya jeep, kwenye kiti chake cha abiria, anamenya karanga, maana siku hizo alikuwa ameanza kukaa humo kila akipata nafasi. Nilisikia sauti kama ya mtu anayemwaga gunia la mahindi. Niligeuka, nikaona sehemu ya nyuma ya jeep inazama polepole ndani ya ardhi, na pua yake inainuka juu kuelekea turubai, na mama yangu anaangalia mbingu na bakuli la karanga mapajani.

“Tunafika?” aliuliza.

Kisha kutoka chini ya ardhi nikasikia sauti ya mwanaume. “Mama, musipige! Musipige tena! Kuko batu huku!”

Nilimtoa mama kwanza. Alikuwa ananikaripia kwa karanga zilizomwagika. Watu walijaa uani. Vijana wa chini walitokea upande wa pili, kwenye sebule ya jirani, mmoja baada ya mwingine, weupe wa vumbi, wazima wote. Huku kwetu hawatoki wazima kila mara, na nilimshukuru Mungu kabla ya kuanza kupayuka.

Jirani alikuja ameshika kichwa. Alikuwa na shimo chini ya kochi lake, hilo mtaa mzima ulilijua. Alichokuwa hajamwambia mtu ni kwamba vijana wake walikuwa wanasikia nyundo yangu chini huko, kwa sababu jeep ilikalia reli na reli zilikalia ardhi. Waliamini tumegundua mshipa wa madini na tunachimba kuelekea kwao. Kwa hiyo nao wakachimba kuelekea kwetu, kufuata sauti, ili wafike kwanza.

“Tulisema munatuibia filon, ule mushipa,” alisema.

“Nilikuambia ni motokari!”

“Mama, hapa Kolwezi, nani anafanyaka kelele ya vile juu ya motokari?”

Nilikaa chini juu ya ndoo ya grisi, nikalia kwa hasira mbele ya watu wote, pamoja na shefu wa avenue, ambaye sasa aliniangalia kwa heshima mpya kwa sababu hatimaye alikuwa ameliona shimo.

Vijana walewale waliivuta jeep kwa kamba na kulijaza tundu lao, nao walifanya kazi vizuri, siwezi kusema vingine. Lakini injini ya baba ilikuwa imepigwa na reli ya mbele jeep ilipozama nyuma, na ufa ulipita ubavuni mwake kutoka juu hadi chini. Fundi aliupitishia kidole. Hakusema neno lake. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Wiki hiyo ndiyo simu ilipokuja. Alikuwa binti wa binamu yetu wa Mutshatsha. “Mama mukubwa haone tena,” alisema. “Anaona mwangaza tu, kama ni muchana ao usiku.”

Nilidhani mama ataniambia basi, tuache. Alikunja kitenge kilichokuwa kimeanikwa, akakirudisha ndani ya mkoba, si sandukuni. “Atashika na mukono,” alisema.

Nilimwambia fundi alete injini yake ya taxi-bus. Nilimwambia aadapte anachotaka, injini, gia, stata, hata roho yangu kama ina nati. Alifanya kazi akiimba. Mimi nilichukua makopo ya mastiki, ule urojo mzito wa kuzibia bodi, nikaziba kila kitu kilichokuwa mbele yangu. Nilikuwa na hasira na nilihitaji kitu kimoja kwenye hilo gari kiwe kimekamilika. Nilifika kwenye mlango wa kulia, nikajaza lile bonyeo, nikalisugua kwa msasa mpaka likawa laini, nikapaka rangi ya kijani kibichi ileile ya zamani. Mama alisimama nyuma yangu. Hakusema lolote safari hii, na mimi niliona kwamba amekubali.

Tuliondoka mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha. Sitaeleza sana njia. Tulipita baiskeli za makaa zikisukumwa kwenye tope, radieta ilichemka, nikaongeza maji ya dimbwi, ikachemka tena, na kila nilipozima injini stata ya fundi ilifikiria kwanza kama inataka kufanya kazi. Mama alishika mkoba mapajani njia nzima. Karibu na Mutshatsha alifunga kilemba upya, akajitazama kwenye kioo kidogo.

Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba, uso umeelekea njiani. Kando yake msichana wa jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu. Nilisimamisha jeep ndani ya uzio. Nilizima injini kabla sijakumbuka stata.

“Taxi ya nani inaingia mu lupango yangu?” aliuliza mama mkubwa.

“Dada, ni mi,” alisema mama, akiwa bado anashuka. “Nilirudi na ile motokari.”

“Ile?”

“Ile.”

“Uongo. Ile ilikuwa inakohoa. Hii inalia sawa ma-taxi ya kwenda Kolwezi.”

“Moteur njo tulibadirisha. Chuma ni ile ile, dada. Kuja ushike.”

Alisimama, akakataa mkono wangu. Alikuja na viganja mbele, akagusa boneti, akagusa taa, akafuata bodi kwa upande wa kulia bila kusita. Alifika kwenye mlango wa abiria. Kiganja chake kilishuka chini ya kitasa, kikapita polepole, kikarudi, kikapita tena. Sikuelewa anachotafuta, lakini niliona uso wake unafungwa.

“Haiko,” alisema.

“Nini haiko, mama mukubwa?”

“Fasi nilipigaka.”

Mahali alipopiga? Nilimgeukia mama. Alikuwa anaangalia chini.

“Ile siku,” alisema mama, “baba yako alipopita mu mihogo, dada alikimbia, akapiga mulango na muchi. Mi nilikuwa ndani, kioo ilikuwa wazi. Baba yako alisema batoto basijue.”

Mti. Miaka yote ile, mti. Na mama, aliyeniambia uache, uache, kama mtu anayezungumzia chumvi kwenye mchuzi, hakuweza kuongeza maneno mengine mawili.

“Sione tena,” alisema mama mkubwa, “basi mulisema munipatie motokari ya batu bengine, nitakubali tu.” Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aligeuka kurudi kwenye kiti chake. Mama alinyoosha mkoba wa kitenge, lakini nani angeuona?

Nilikasirika kwa namna ambayo sijawahi kukasirika. Nilimkasirikia baba na mti wake, jirani na kochi lake, fundi, mama, na makopo yangu ya mastiki. Nilitaka kumpiga mtu, na wote waliokuwa karibu walikuwa wazee. Kwa hiyo nilikwenda kwenye kinu, nikamnyang'anya yule msichana mchi wake, ukiwa bado na sombe kwenye ncha, nikamfuata mama mkubwa na kuuweka mikononi mwake.

“Mama mukubwa, rudi. Ni mi nilifunika. Piga hapa.”

“Rangi, mutoto yangu,” alisema mama.

“Rangi ipotee!”

Nilimrudisha kwenye mlango, nikakiweka kiganja chake mahali penyewe, kisha nikasogea. Alisimama kidogo akiupima mchi kwa mikono. Halafu aliuinua na kupiga. Mastiki ilipasuka. Alipiga tena, na kipande chenye ukubwa wa sahani kikaanguka miguuni pake pamoja na rangi yangu. Alinirudishia mchi, akafuta vidole kwenye sketi, akaviingiza ndani ya lile bonyeo la zamani. Vilienea vyote. Alibaki hivyo, paji la uso limegusa kioo.

“Njo yeye mwenyewe,” alisema. “Mwizi.”

Mama alimwekea kitenge mikononi. Alikinusa, akapapasa pindo, akakifunga kiunoni juu ya nguo zake. Kisha akaanza kutoa amri. Jeep isogezwe mbele ya mlango wa nyumba, mama apande, wanawake waitwe. Vijana wa pale waliisogeza kwa mikono. Mama alikaa kwenye kiti chake cha abiria na mikono juu ya magoti. Wanawake wa jirani walikuja na kuimba, wakanitania mimi kwa sababu nilikuwa nimeshika usukani, wakaniuliza kama ninajua kupika, na mama mkubwa akasimama mbele ya pua ya gari akifurahia kila neno. Hakuwa na haraka yoyote.

“Wewe dreva,” alisema mwishoni, “unamupeleka mudogo yangu wapi?”

“Ku Kolwezi, mama mukubwa.”

“Unaomba njia?”

“Naomba.”

“Baba yako hakuombaka.”

“Hakuomba. Mi naomba juu yake.”

Alikaza fundo la kitenge. Kisha akasogea kando, hatua ndogo, mkono wake ukifuata bodi. “Mupite,” alisema. “Muende muzuri.”

Niligeuza ufunguo. Stata ya fundi ilitoa tik moja, ikanyamaza. Niligeuza tena. Tik. Nilipiga usukani kwa ngumi, nikasema neno ambalo mwalimu hasemi, na wanawake wakapasuka kwa kicheko. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia mbele, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Ikabidi watu wasukume. Walikwenda nyuma, wakahesabu, jeep ikaanza kuviringika kwenye udongo mbichi, ikapita mlango wa uzio, mihogo ikiwa salama pande zote mbili. Niliangalia kwenye kioo. Mama mkubwa alikuwa katikati yao, kitenge kiunoni, viganja vyote viwili kwenye bodi, kichwa ameinamisha, anasukuma. Injini ilishika tulipofika njiani, wengine wakaachia, na yeye alikuwa bado anasukuma.